Uso umesimama, uso umelala: mambo ya kujua kabla ya kuvaa maski ya vumbi



Watu wengi wanafikiri kwamba uso wa mtu mzima ni kitu kisichobadilika. Mifupa imekwisha kukomaa, ngozi imekaa mahali pake, basi kipimo cha leo kitakuwa kile kile cha kesho. Kwa upande wa mifupa ni kweli. Kwa upande wa nyama si kweli. Mashavu, midomo, kope za macho na nyama ya chini ya kidevu vinahama kila mara mtu anaposimama, anapoinama ao anapolala. Vinahama kidogo, pengine milimita chache tu. Lakini kwa mtu anayefanya kazi ndani ya vumbi, milimita hizo si kitu kidogo.

Leo tutaeleza kwa nini nyama ya uso inahama, namna gani mashine za kisasa za kupima uso zinaonyesha jambo hilo, na mambo gani mfanyakazi na jamaa yake wanapashwa kufanya wakikwisha kulijua.

Nyama ya uso imeshikwa namna gani?

Weka kidole juu ya paji la uso, halafu juu ya mfupa wa pua, kati ya macho. Utasikia mfupa mara moja, kwa sababu pale ngozi ni nyembamba na imekaa karibu na mfupa. Sasa shika shavu kwa vidole viwili. Unaweza kulivuta, kulibana, kulisukuma huku na huku. Chini ya ngozi ya shavu kuna mafuta, kuna misuli ya kuchekea na ya kutafunia, na kuna mishipa ya damu. Misuli mingi ya uso haikushikwa na mifupa pande zote mbili kama misuli ya mkono. Upande mmoja imeshikwa na ngozi yenyewe. Kwa hiyo tunaweza kucheka, kukunja uso na kupiga mluzi. Lakini kwa sababu hiyo pia nyama ya shavu haikai imara.

Nguvu mbili zinahamisha nyama hiyo. Ya kwanza ni uzito. Tazama mfuko wa unga wa mahindi. Ukiusimamisha, unga unashuka na mfuko unavimba chini. Ukiulaza, unga unatambaa pembeni na mfuko unakuwa mpana na mfupi. Unga ni ule ule, mfuko ni ule ule, lakini umbo ni lingine. Shavu linafanya vile vile, na linafanya mara moja, ndani ya sekunde chache.

Nguvu ya pili ni maji ya mwili. Mtu akisimama, damu na maji mengine vinavutwa kwenda miguuni. Akilala, sehemu ya maji hayo inarudi kifuani na kichwani. Badiliko hili ni la polepole. Linahitaji muda mrefu, hata usiku mzima.

Jaribu nyumbani

Chukua kioo. Simama na utazame uso wako. Angalia mstari unaotoka pembeni ya pua na kushuka mpaka pembe ya mdomo. Angalia pia nyama ya chini ya kidevu.

Kisha lala chali, uinue kioo juu ya uso. Utaona kwamba mashavu yamekwenda upande wa masikio. Uso umekuwa mpana pembeni na bapa mbele, na ule mstari wa pua na mdomo umepungua. Taya la chini linataka kurudi nyuma, na mdomo unataka kufunguka.

Mwisho weka kioo juu ya meza na uiname. Sasa mashavu yananing'inia mbele, kope zinakuwa nzito, midomo inasogea. Lakini paji la uso na mfupa wa pua havikubadilika sana katika mambo yote matatu.

Fanyeni jaribio hili pamoja, baba, mama, watoto na babu kama yuko nyumbani. Mtaona kwamba uso wa kijana unabadilika kidogo kuliko uso wa mzee, kwa sababu ngozi ya mzee imelegea. Mtu mnene anabadilika kuliko mtu mwembamba. Na mtu aliyeng'olewa meno ya pembeni, shavu lake linaingia ndani, kwa sababu ukuta uliokuwa ukilishikilia hauko tena.

Mashine inayopima uso

Siku hizi kuna mashine zinazochora uso wa mtu kwa vipimo vitatu: urefu, upana na kina. Kuna zile zinazotumia mwanga. Mashine inatupa mistari ya mwanga juu ya uso, na kamera mbili zinatazama kutoka pembe mbili, kama macho yetu mawili. Kwa kulinganisha picha hizo mbili, kompyuta inahesabu umbali wa kila alama ya ngozi. Inaunganisha maelfu ya alama, na mwisho unaona uso mzima katika kompyuta; unaweza kuugeuza upande wowote kama sanamu. Kwa desturi mtu anayepimwa hivyo anakaa ao anasimama wima.

Kuna pia skaneri ya hospitali, ile ya picha za radio. Hapo mgonjwa analala chali juu ya kitanda, na mashine inazunguka na kukata picha nyembamba nyembamba, kama mtu anayekata mkate. Hiyo inaonyesha mifupa na nyama kwa pamoja. Lakini uso inaouonyesha ni uso uliolala. Ziko tena mashine za radio za wanganga wa meno ambazo mtu anapigwa picha akiwa amekaa ao amesimama.

Sasa chukua picha mbili za mtu mmoja, moja ya kulala na moja ya kusimama, uziweke moja juu ya nyingine. Mifupa inalingana sawasawa. Mashavu hayalingani. Je, mashine moja imedanganya? Hapana. Kila moja imesema kweli juu ya saa ile na mkao ule. Mashine haijui mtu atafanya nini akiondoka.

Kwa sababu hiyo, munganga anayetaka kutengeneza taya lililovunjika ao lililopinda, akitaka kujua sura itakavyokuwa, anaweza kuchukua mifupa katika skaneri ya kulala, lakini ngozi anaichukua katika picha ya mtu aliyekaa wima. Mgonjwa wake hataishi amelala. Atatembea, atakula, atasalimia watu akiwa wima.

Jambo hili lina mizizi ya zamani. Mwaka 1894, katika mji wa Leipzig, Ujerumani, kulifukuliwa mifupa iliyodhaniwa kuwa ya Johann Sebastian Bach, fundi mkubwa wa muziki. Mwaka 1895 Wilhelm His, mwalimu wa elimu ya mwili wa binadamu, alitaka kujua kama fuvu lile lilikuwa kweli la Bach. Alichoma sindano katika nyuso za maiti ili kupima unene wa nyama juu ya mfupa, na kwa vipimo hivyo mchongaji Carl Seffner alitengeneza sura juu ya mfano wa fuvu. Ilikuwa kazi ya akili sana. Lakini maiti ni maiti: imelala, damu haitembei, misuli haishiki tena. Siku hizi unene wa nyama hupimwa pia kwa watu wazima wenye uhai, hata wakiwa wamekaa, kwa mashine ya ekografi, ile ile inayotazama mtoto tumboni mwa mama.

Kwa nini jambo hili linahusu maski yetu?

Watengenezaji wa maski hawatengenezi maski ya kila mtu peke yake. Wanafuata vipimo vya nyuso za watu wengi. Huko Marekani, kwa muda mrefu walifuata vipimo vya askari wa jeshi la anga vilivyochukuliwa mwaka 1967 na 1968. Baadaye wakaona kwamba askari vijana peke yao hawafanani na wafanyakazi wote. Mwaka 2003 wakapima wafanyakazi 3,997 wanaotumia maski, wanaume na wanawake, na kati yao zaidi ya 1,000 wakapimwa pia kwa mashine ya vipimo vitatu. Kutoka hapo wakapata vichwa vitano vya mfano: kidogo, cha kati, kikubwa, kirefu chembamba, na kifupi kipana.

Ni maendeleo mazuri. Lakini vichwa vile vya mfano havitoboi mwamba. Mfanyakazi wa mgodi anatazama juu akiangusha mawe ya dari kwa baramini. Anainama akipakia. Fundi wa magari analala chali chini ya mashine. Mwingine anapiga kelele kumwita mwenzake. Kila mara shavu na taya vinahama, na ukingo wa mpira wa maski unapashwa kuvifuata. Maski iliyokaa vizuri sana mbele ya magazini ya vifaa, mtu akisimama kimya na kutazama mbele, inaweza kufunguka kidogo chini ya kidevu ao pembeni ya pua mtu akiinama.

Tufanye hesabu. Vumbi baya la silika, lile linaloshuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, ni dogo kuliko mikroni 10, na macho hayalioni. Milimita moja ni mikroni 1,000. Maana yake, katika nafasi ya milimita moja tu, punje 100 za mikroni 10 zinaweza kupanga mstari na kuingia pamoja. Tena hewa inapenda njia nyepesi. Kupita ndani ya chujio ni kazi. Kupita ndani ya tundu si kazi. Kila pumzi unayovuta inakimbilia tundu.

Silika ikikaa katika mapafu inaleta ugonjwa wa silikosi. Mapafu yanajaa makovu, mtu anakohoa, anakosa pumzi akipanda mlima, na mwisho hata akitembea nyumbani. Hakuna dawa inayoondoa makovu hayo. Tena mtu mwenye silika mapafuni anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine, na kifua kikuu hakibaki mgodini: kinafika nyumbani, kwa mama na watoto.

Namna ya kujaribu maski

Kumbuka kwanza kwamba maski ni ulinzi wa mwisho. Maji ya kulowesha mwamba na hewa safi inayosukumwa ndani ya galeri vinakuja mbele. Usiache kutumia maji kwa sababu umevaa maski.

Kila mara ukivaa maski ya mpira, fanya hivi:

1. Nyoa ndevu mahali ukingo wa mpira unapogusa. Ndevu za siku moja ao mbili zinatosha kuinua mpira.

2. Vaa maski ukiwa umesimama ao umekaa wima. Kaza mikanda pande zote mbili kwa usawa. Usikaze mno: mpira ukikunjika unafanya tundu jipya.

3. Funika chujio kwa viganja na uvute pumzi polepole. Maski inapashwa kujibana juu ya uso. Zuia pumzi kwa muda wa sekunde 10. Ikibaki imejibana, ni vizuri. Ikilegea, hewa inaingia mahali fulani.

4. Funika kilango cha kutolea pumzi na upumue nje polepole. Ukisikia upepo karibu na macho ao kidevu, rekebisha maski, uanze tena.

5. Sasa fanya kile ambacho wengi wanasahau: geuza kichwa kuume na kushoto, tazama juu, tazama chini, inama, sema maneno machache kwa sauti. Kisha rudia namba 3 katika mkao wa kazi yako. Kama unafanya kazi umeinama, jaribu umeinama. Kama unafanya kazi umelala chini ya gari, jaribu umelala.

Jambo hilo la tano si la kubuni hapa kwetu. Katika kanuni za Marekani za kupima maski, mfanyakazi anaagizwa kupumua kwa kawaida, kupumua kwa nguvu, kugeuza kichwa, kukiinua na kukishusha, kusema, na kuinama. Wanajua kwamba uso hukaa namna moja katika picha tu.

Maski ikishindwa katika mkao wako, usinyamaze na usijaze kitambaa pembeni. Mwambie shefu wa timu, uombe saizi nyingine ao aina nyingine. Fanya hivyo pia kama umenenepa ao umekonda sana, kama umeng'olewa meno, ao kama una kovu jipya usoni. Maski ya mwaka uliopita ilikuwa ya uso wa mwaka uliopita.

Uso wa asubuhi

Tuliseme sasa jambo la maji. Mtu akiamka, macho yake yanaweza kuwa mazito na kope zimevimba kidogo. Usiku amelala, na maji yaliyokuwa miguuni yamerudi juu. Ngozi ya kope ni nyembamba na imelegea, kwa hiyo maji yanaonekana pale kwanza. Akisimama na kutembea, uvimbe unashuka. Jioni ni kinyume: aliyesimama zamu nzima anaona soksi zimeacha alama na viatu vinambana.

Wasafiri wa anga wanaonyesha jambo hili kwa namna ya ajabu. Huko juu, ndani ya chombo chao, uzito hauvuti maji kwenda chini. Nyuso zao zinavimba, na miguu yao inakuwa myembamba. Wakirudi duniani, maji yanashuka tena.

Kwa hiyo, ndugu wa zamu ya usiku unayelala mchana, na wewe unayeamka alfajiri, usivae maski kwa haraka na kuisahau. Uliyoikaza juu ya uso wenye maji inaweza kulegea uso ukipungua. Ijaribu tena baada ya muda.

Lakini si kila uvimbe ni wa kulala. Wamama, sikieni vizuri hapa. Njooni dispanseri kama mnaona mambo haya:

Uso wa mtoto ao wa mtu mzima unavimba kila asubuhi, siku baada ya siku, na jioni miguu nayo inavimba. Ukibonyeza kwa kidole linabaki shimo. Mkojo una povu, ao ni mchache, ao una rangi ya damu. Pengine ni mafigo. Usidanganyike kwa sababu mchana uso unakuwa mzuri: maji hayakutoka mwilini, yameshuka miguuni tu.

Miguu imevimba, na mtu hawezi kulala chali bila kukosa pumzi. Anataka mito mitatu. Pengine ni moyo.

Mama mwenye mimba amevimba uso na mikono, kichwa kinamuuma sana, ao anaona nyota machoni. Asingoje kesho, aende materniti siku hiyo hiyo.

Shavu la upande mmoja limevimba, lina joto na linauma. Pengine ni jino lenye usaha. Kulala ao kusimama hakutaliponya.

Ukitaka kumwonyesha munganga namna uvimbe unavyobadilika, piga picha kwa telefone, lakini piga kila siku saa ile ile, mtu akiwa amekaa wima na mwanga ukitoka upande ule ule. Picha ya kulala na picha ya kukaa hazilinganishwi. Mmekwisha kuona sababu.

Nyama isiyoonekana

Sheria inayovuta mashavu inavuta pia ulimi na nyama laini ya koo. Mtu akilala chali, ulimi unarudi nyuma na njia ya pumzi inakuwa nyembamba. Ndiyo sababu wengi wanakoroma wakilala chali. Kama bwana anakoroma sana, anakatika pumzi usiku na mchana anasinzia, hasa kama anaendesha gari kubwa, mama amlete kwetu. Wakati wa kungoja, alale ubavu.

Hatari ni kubwa zaidi kwa mtu aliyezimia, kwa sababu misuli yake haishiki tena. Ukimkuta mwenzako amezimia, hakikisha kwanza kwamba hewa ya pale ni salama, kisha ita msaada. Kama anapumua, usimwache chali peke yake: mgeuze ubavu, ili ulimi na matapishi visimzibe. Kama ameanguka kutoka juu ao amepigwa na jiwe, mgeuzeni watu wawili ao watatu, kichwa, shingo na mgongo vikigeuka kwa pamoja kama gogo. Asipopumua, aliyefundishwa huduma ya kwanza aanze mara moja.

Tukumbuke

Mifupa ya uso inakaa, nyama inahama. Kipimo cha mashine ni cha mkao ule uliopimwa. Maski ijaribiwe katika mkao wa kazi, wala si mbele ya magazini tu. Uvimbe wa asubuhi unaokwisha ni desturi ya mwili. Uvimbe unaorudi kila siku ao kuhamia miguuni uletwe dispanseri. Na aliyezimia lakini anapumua, alazwe ubavu.

Kesho kabla ya kushuka, chukua dakika moja: inama, tazama juu, vuta pumzi. Maski yako itakuambia yenyewe kama iko tayari.